Karani Aliyejificha Ndani ya Mvua

Vijana wa chumba cha programu, mmeniomba niandike jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani, kabla sijasahau. Sijasahau, na kuna sehemu ambazo ningefurahi kuzisahau. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Cheo kimoja tu nitakitaja, kwa sababu mtaona nilivyokipata, na mkishaona mtaelewa kwa nini siku ya kuniaga niliitazama keki muda wote mliokuwa mkinisifu.

Nilianza Jinja, katikati ya miaka ya tisini, kwenye vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari. Nilikuwa nimepanga Wanyange, nikija mjini nyuma ya baiskeli ya kukodi, nimekalia sponji, sketi nimeibana magotini. Kampuni ilikuwa na watu watano na kompyuta nne. Tulitengeneza michezo ya kompyuta, lakini si ya watoto kuchezea. Ilikuwa michezo ya kufundishia kazi: mtu anakaa mbele ya skrini, anashika usukani wa mbao uliochongwa na seremala wa mtaa wa pili, anakanyaga pedali zilizong'olewa kwenye gari bovu, na barabara inamjia. Chini ya michezo yote hiyo kulikuwa na programu moja mama tuliyoiita injini. Injini ndiyo iliyochora barabara, ikasoma pedali, ikaamua kama gari limegonga au limenusurika.

Aliyeiandika ni Bwana Wekesa, Mkenya wa Bungoma, mwalimu wa hesabu aliyechoka na chaki. Siku yangu ya kwanza nilimletea cheti changu ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alinipa saa ya kubonyeza, zile ambazo walimu wa michezo huzining'iniza shingoni, akaniambia nipime lori la kwenye skrini linatumia muda gani kutoka darajani hadi kituo cha mafuta. Nikapima. Akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka saa ya chakula, kidole gumba kikawaka moto, nikajiuliza kama chuoni nilikwenda kusomea kubonyeza. Jioni akanionyesha majibu yangu mwenyewe. Yalikuwa yakipishana, na kupishana kwenyewe hakukutokana na kidole. Injini ilikuwa inakwama mahali fulani. Hapo ndipo aliponitambulisha kwa karani.

Karani ni jina tulilolipa sehemu moja ya injini ambayo kazi yake ilikuwa kuandika tu. Injini ikianza kuchora, karani anaandika saa. Ikimaliza kuchora, anaandika. Ikisoma pedali, anaandika pedali iko wapi na ni saa ngapi, mpaka vile vipande vidogo kabisa vya sekunde. Ukiyasoma maandishi yake unajua muda unapotelea wapi. Ni msaidizi mzuri, ila ana gharama yake. Anashika nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine, na daftari lake likijaa lazima akalimwage kwenye diski, na wakati anamwaga kila mtu anamsubiri. Mashine ikiwa na nguvu, huoni kitu. Ikiwa dhaifu, barabara nzima inasimama, na pedali haisomwi mpaka amalize.

Kwa hiyo karani alikuwa wa hiari. Sisi hatukusema kutengeneza programu, tulisema kupika. Kabla ya kupika unafungua faili moja yenye orodha ya sehemu zote za hiari: usiku, mvua, vumbi, mizigo, karani. Kila moja ina swichi yake, na ukiizima haimo kabisa kwenye chungu, si kwamba imo imelala. Bwana Wekesa alikuwa na sheria zake juu ya orodha hiyo na alizisimamia kama mwalimu wa zamu. Swichi zote huzaliwa zimezimwa. Anayewasha huandika jina lake na sababu pembeni, na akimaliza anazima mwenyewe, hamwachii mwenzake. Kila disketi inayotoka chumbani hubandikwa kibandiko chenye majina ya sehemu zilizomo. Na hakuna kinachotoka kabla hakijaendeshwa kwenye Bibi.

Bibi ilikuwa kompyuta yetu mbovu kuliko zote. Ilikaa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha meza, na ilikuwa polepole hadi unapata muda wa kupiga mwayo kati ya picha na picha. Bwana Wekesa aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Alisema mteja wetu hana mashine kama zetu, ana mashine kama Bibi. Na alitutaka tuipime kwa saa ya kubonyeza, bila karani, kwa sababu karani huandika muda wa kila mtu isipokuwa muda anaoutumia yeye mwenyewe. Mimi nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilidhani saa ya kubonyeza ni ushamba.

Siku moja tulikuta kona iko wazi. Mkurugenzi wa kampuni alikuwa amemchukua Bibi na kumpa karani wake wa mapokezi, karani wa kweli huyo, mwenye mikono, ili achapie barua. Bwana Wekesa alimfuata Mkurugenzi ofisini. Tulisikia sauti yake ikishuka badala ya kupanda, ambayo kwake ilikuwa dalili mbaya. Alirudi bila Bibi. Mkurugenzi alikuwa mtu wa Kiingereza na Lusoga. Kiswahili alikitoa pale tu alipotaka amri itiiwe, kama wengi wa umri wake waliojifunza lugha hiyo kwenye vizuizi vya wanajeshi barabarani.

Muda si mrefu tukapata kazi ya Mbale. Kampuni moja ya malori, yenye yadi isiyo mbali na kwa mama yangu, mtaa wa Nabuyonga, ilitaka kuwapima madereva wake wote. Walikuwa wachache wa Mbale, Wakenya wa njia ya Malaba, na askari wastaafu walioendesha malori ya jeshi. Meneja wao alikuwa na sharti moja: lazima mvua iwemo, kwa sababu malori yake yalikuwa yakipandisha mlimani na huko juu haipiti wiki bila utelezi. Mvua ilikuwa kazi yangu. Niliichora tone kwa tone, nikajivuna nayo, na ilikuwa nzito kama mzigo wa ndizi. Ili kujua inakwamia wapi nilimhitaji karani kila nilipoipika. Nilichoka kumwasha kwa mkono kila mara. Nikaandika mstari mmoja, si kwenye orodha, bali ndani ya faili ya mvua yenyewe: mvua ikiwashwa, karani naye awashwe.

Mstari mmoja. Nimefundisha watu kazi hii miaka mingi na bado sijapata namna ya kuwafanya waogope mstari mmoja.

Siku ya kupika disketi ya Mbale niliipitia orodha kwa kidole. Mvua, imewashwa. Mizigo, imewashwa. Karani, amezimwa, na pembeni hapakuwa na jina la mtu. Bwana Wekesa akachungulia juu ya bega langu, akatikisa kichwa kuwa sawa. Niliandika kwenye kibandiko kwa mkono wangu: mvua, mizigo, bila karani. Tukaiendesha kwenye mashine yetu mpya, ikaenda kama maji. Bibi alikuwa mapokezi akichapa barua za Mkurugenzi.

Nilikwenda Mbale mwenyewe kuifunga na nikakaa siku mbili za mtihani. Kompyuta ya yadi ilikuwa ndugu yake Bibi, mama mmoja baba mmoja. Niliona picha inasitasita, nikasema moyoni ni uzee wa mashine. Mtihani ulikuwa hivi: mvua inanyesha, lori limebeba mzigo, linateremka, mahali fulani ng'ombe anavuka. Dereva akichelewa kukanyaga breki mara tatu, ameanguka. Vijana waligundua haraka kwamba ukikanyaga mapema, hata kabla ng'ombe hajatokea, unapita. Walikaa nje ya mlango wakielezana kona zenye ng'ombe. Hao walipita wote.

Afande Okello hakukaa nao. Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mvi zimeanza masikioni, amewahi kuishi kambini Kimaka, huko Jinja, na kuendesha malori ya jeshi kabla ya kuja kwenye yadi ile. Wenzake waliniambia kwamba katika miaka yake yote hajagonga hata kuku, na walisema hivyo kwa heshima. Aliweka kofia yake juu ya goti, akashika usukani wa seremala wetu kama usukani wa kweli, akamngoja ng'ombe kama dereva mzuri anavyongoja: akiwa tayari, lakini bila kufunga breki kwa woga. Ng'ombe wa kwanza akagongwa. Wa pili akagongwa. Alinitazama, nikamwambia ajaribu tena. Wa tatu akagongwa.

Mimi ndiye niliyesoma jibu kwenye skrini. Nikamwambia, kwa upole wa mtu asiyejua anachokifanya, "Umechelewa, afande."

Aliutazama mguu wake wa kulia muda mrefu. Wiki ileile akanyang'anywa lori. Kwa kuwa meneja alimheshimu hakumfukuza, alimpa geti afungue na kufunga. Okello alimwaga unga, yaani alipoteza udereva wake, kwa heshima, kama inawezekana.

Miezi miwili baadaye nilirudi Mbale kwa matengenezo, kwa sababu mashine ilikuwa ikilalamika kwamba diski imejaa. Nilidhani nitakuta barua na orodha za vipuri. Nilikuta daftari la karani, kurasa kwa kurasa, tangu siku ya kwanza ya mtihani. Nilisimama pale nikaisoma tena disketi yangu: bila karani, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikalinakili daftari lote kwenye disketi kumi na moja, nikalirudisha Jinja nimelipakata, na Bwana Wekesa akalitoa kwenye printa. Karatasi ilitambaa sakafuni mpaka mlangoni.

Tuliisoma tukiwa tumepiga magoti. Alitafuta siku, akatafuta jina, akatia alama kwa kalamu nyekundu. Mguu wa mtu haushuki kwa mara moja. Kwa madereva wengine tuliona pedali ikiwa juu, kisha robo, kisha nusu, kisha chini. Kwa Okello, mstari mmoja pedali iko juu, halafu pengo la karibu sekunde nzima, halafu mstari unaofuata pedali iko chini kabisa. Mara zote tatu. Alikanyaga kwa wakati. Alikanyaga wakati karani akimwaga daftari lake, na injini haikuwa ikimtazama. Mvua ndiyo iliyojaza daftari haraka, na mvua nilikuwa nimeifunga kamba na karani kwa mkono wangu.

Bwana Wekesa hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alikaa sakafuni, ameegemea ukuta, akasema, "Nambozo, kosa ni lako kwa kuandika, na langu kwa kutazama orodha tu nikaacha faili. Hii ni kazi ya mtu imepotea. Tuandike barua, tutie sahihi wote wawili, tupeleke na hizi karatasi."

Tulikwenda kwa Mkurugenzi pamoja. Alisikiliza vizuri, kwa kweli alielewa upesi kuliko nilivyotarajia, na kuelewa kwake ndiko kulikotuponza. Alieleza kwamba kampuni ya malori ikijua itairudisha mashine, itawaambia wengine, na sisi watano tutarudi kwetu kulima. Akasema tupike upya bila karani, tupeleke disketi kama toleo lililoboreshwa, tufute daftari, na biashara iendelee. Bwana Wekesa akamuuliza vipi kuhusu dereva. Hapo Mkurugenzi akahamia Kiswahili.

"Hakuna mtu amekufa," alisema. "Atakayepeleka hiyo barua, asirudi hapa."

Bwana Wekesa aliandika barua siku ileile, kwa mkono, mwandiko wa mwalimu. Akatia sahihi yake, akaniachia nafasi chini. Niliichukua kalamu, ndiyo, niliishika. Nilifikiria chumba changu Wanyange, nikafikiria wadogo zangu wawili waliokuwa shuleni, nikafikiria kwamba mstari ule ulikuwa wangu na jina litakalokumbukwa ni langu. Nikamwambia anipe mpaka kesho. Alielewa. Akaikunja barua yenye sahihi moja, akaiweka mfukoni.

Barua hiyo ilifika Mbale, najua, kwa sababu meneja alimpigia Mkurugenzi simu. Mkurugenzi akamwambia kwamba huyo ni mfanyakazi aliyefukuzwa kwa uzembe na sasa anatafuta kuharibu. Barua ilikuwa na sahihi moja, na karatasi za printa nilikuwa nimebaki nazo mimi, sikumpa, kwa hiyo meneja aliamini alichopenda kuamini. Bwana Wekesa alirudi Bungoma na saa yake ya kubonyeza. Mimi nikapewa meza yake na jina la kiongozi wa injini. Hicho ndicho cheo nilichowaambia nitakitaja.

Jambo la kwanza nililolifanya kwenye meza hiyo lilikuwa zuri, na ndilo ninalowafundisha hadi leo: niliufuta ule mstari, nikaweka kinga kwamba sehemu yoyote ya hiari haiwezi kuamsha nyingine bila jina lake kutokea kwenye orodha. Wageni husifu kinga hiyo. Hawaulizi imetoka wapi, nami siwaambii.

Kisha nikaipeleka Mbale disketi mpya. Nilikuwa nimejipangia mpango wa mwoga: sitasema kitu, ila nitamshawishi meneja awaruhusu walioanguka warudie mtihani kwenye toleo lililoboreshwa. Okello atapita, atapewa lori lake, na hakuna atakayejua. Karatasi za printa nilikuwa nazo mkobani, zimekunjwa, na alama nyekundu za Bwana Wekesa. Sijui kwa nini nilizibeba kama sikukusudia kuzitoa. Labda nilitaka kujiona kama mtu ambaye angeweza.

Meneja alikubali. Walioanguka siku zile walikuwa wanne. Watatu walikuja, wakapita asubuhi ileile, bila shida. Wa nne aliitwa kutoka getini. Alikuja amevaa koti la mlinzi, akasimama mlangoni, hakukaa. Nilimwonyesha kiti. Nikamwambia mashine sasa ni nzuri zaidi, ajaribu, haitachukua muda.

Alinisogelea, akashusha sauti ili meneja asione kama analalamika, ingawa meneja alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, ameegemea kabati, ananitazama.

"Madamu, ile siku wewe ulikaa karibu na mimi. Uliona," alisema. "Mimi nauliza wewe kwa sababu wewe najua mashine. Ile siku ni mashine ilikosa, ama ni mguu yangu?"

Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Zipu yake ilikuwa wazi nusu, na ncha ya karatasi ilikuwa inaonekana. Nilimtazama meneja, naye akanitazama, na nikajua kwamba anaikumbuka ile barua na anangoja kusikia.

"Mashine ilikuwa sawa, afande," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole kukubali. Nilianza haraka kumweleza kwamba labda alikuwa amechoka siku ile, kwamba mtu hupimwa zaidi ya mara moja, kwamba wenzake watatu wamepita leo na yeye ni dereva bora kuliko wote. Nilikuwa karibu kumbembeleza. Aliningoja nimalize, kwa adabu.

"Hapana, madamu. Mimi hapana rudia," alisema. "Leo inaweza kukubali, kesho itakataa tena. Kama mguu yangu imechelewa kwa ng'ombe ya kompyuta, itachelewa kwa mtoto ya mtu. Wacha mimi kae na geti."

Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alinishukuru. Alisema kila Jumapili kanisani anamwombea yule msichana wa Jinja aliyempima mapema, kabla hajaua mtu. Nje lori lilipiga honi, akaniomba radhi kwa kuondoka, akaenda kulifungulia.